Mwaka wa Kutoitika

Neema alinipigia nikiwa kazini, akaniambia kwa Kiswidi kwamba baba yake amefariki. Watoto wetu huku habari zote nzito wanazitoa kwa Kiswidi, na mimi nikamjibu kwa Kiswahili kama ninavyomjibu tangu ana mapengo: pole mwanangu, pole sana. Jumamosi nikapanda treni ya buluu ya Stockholm mpaka mwisho wa reli, Hjulsta, nikaingia ule ukumbi wa chini wa jengo lao ambako viatu vinajaa mlangoni na harufu ya sombe, kisamvu chao, inakupokea kabla ya watu. Wakongomani walikuwa wengi, wanaimba nyimbo za kanisani kwao, na sisi Watanzania tumebanana kona moja na chupa zetu za chai. Kila aliyesimama kumsema marehemu alisema alikuwa mtu wa kucheka. Ni kweli, Papa Byamungu alicheka sana, na mimi siwezi kumkatalia mtu msibani. Lakini nilikaa pale na sahani ya wali mapajani nikasema moyoni, nyinyi mnamjua yule wa sebuleni, mimi ninamjua yule wa kwenye theluji. Niliporudi nyumbani usingizi haukuja, na kesho yake nikaanza kuandika haya.

Nilikotoka na sababu za kuja Sweden hazihusiki hapa. Anayezitaka aniulize siku nyingine. Ninachosema ni kwamba nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimemaliza mafunzo ya ufundi wa mitambo midogo, na nikaajiriwa na Mswidi mmoja aitwaye Göran, aliyekuwa akitunza nyua na njia za miguu za majumba ya Hässelby, kule magharibi karibu na ziwa Mälaren. Kiangazi tulikata nyasi, baridi ikija tulisukuma theluji. Karakana yetu ilikuwa banda lililobaki kwenye mabanda ya vioo ya zamani, ambamo watu walikuwa wakiotesha maua kabla biashara haijafa. Upande wetu ulizibwa mbao na kuwekwa jiko la kuni, lakini ng'ambo ya ukuta vioo vilivyobaki viliendelea kugongana kwa upepo, na kule ndani kulikuwa na meza ndefu za miche zilizojaa udongo mkavu, zimepangwa vilevile kama zinasubiri mtu. Mimi ile sehemu sikuipenda tangu siku ya kwanza. Nilikuwa nikipita naangalia chini.

Papa Byamungu nilimkuta hapo. Alikuwa rika la wajomba zangu, anatoka milima ya juu ya Uvira, Kongo, mrefu, mkimya akiwa kazini na mcheshi akiwa na kikombe mkononi. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akatafuta la kujibu, akakosa, akaniambia bonjour mama. Nilimfundisha marahaba, na toka hapo kila asubuhi alinisubiri mlangoni nimwamkie ili aitikie, amefurahi kweli. Hiyo ndiyo salamu pekee aliyoitikia upesi. Ukimwita kwa nyuma hakuitika. Göran angesimama uani akamwita mpaka koo likauke, Papa Byamungu angeendelea na shughuli yake bila hata kugeuza shingo, mpaka Göran azunguke aje mbele yake. Siku moja nilimsikia Göran akimwambia mkewe kwenye simu kwamba yule mzee ni kiziwi na anaona haya kusema. Akampeleka kupimwa masikio. Daktari akasema masikio yako sawa kuliko ya vijana.

Novemba tukaanza kuandaa mashine. Ilikuwa pikipiki ya magurudumu manne, nyekundu, mkaidi kuiwasha, na Papa Byamungu aliiita Mbuzi. Kazi yenyewe naikumbuka yote kwa vidole. Unailaza kreti ya mbao chini, unaingia tumboni mwa mashine kwa mgongo, unafunga kishikio cha chuma kwenye fremu, halafu mnalisogeza lile bamba la kusukumia theluji, mmoja anainua, mwingine anapitisha pini. Mbele kuna winchi ya kulinyanyua na kulishusha, na waya wake tuliutoa tukaweka mkanda, kwa sababu waya ukikatika kwenye baridi unarudi na jicho la mtu. Minyororo kwenye matairi. Viroba vya mchanga nyuma, la sivyo magurudumu ya nyuma yanachezacheza. Oili nyepesi, betri mpya. Chini ya bamba kuna viatu viwili vya chuma ambavyo unavipandisha au kuvishusha, ili kwenye njia za kokoto usizoe kokoto zote ukazimwaga kwenye bustani za watu. Mwisho tulizunguka njia zetu zote kabla ardhi haijaganda, tukichomeka vijiti vya rangi ya machungwa pembeni, ili theluji ikifunika kila kitu tujue njia iko wapi na ziwa liko wapi.

Tuligombana kwenye kitu kimoja tu, bolti. Pale bamba linaposhikana na mkono wake wa kushoto kuna bolti ya makusudi, imetengenezwa laini, ili bamba likigonga jiwe au kisiki ivunjike yenyewe na dereva abaki salama. Papa Byamungu alikuwa ameichoka. Msimu uliopita ilimvunjikia kila mara, na kila mara akapiga magoti kwenye theluji kuweka nyingine, vidole vimekufa ganzi. Safari hii akatafuta bolti ngumu ya chuma kwenye kopo la vyuma, akaipiga nyundo mpaka ikaingia. Nikamwambia Papa, hiyo siyo yenyewe. Akasema Mwanaidi, uko na kelele mingi, hii haitavunjika tena. Nikamwambia huo ndio ubaya wake. Akacheka. Nilimsema mwezi mzima, wakati wa chai, wakati wa kufunga mlango, na yeye akacheka mwezi mzima, na kwa kuwa ni mkubwa kwangu sikuthubutu kuigusa.

Mchana tulikula bandani. Yeye alipasha makayabu, samaki wake wa chumvi, na wali juu ya jiko la kuni, mimi nina chapati na maharage ya jana, na madirisha yanatoka jasho. Siku moja tunakula hivyo, Göran akaniita kutoka nje, upande wa vioo. Mwanaidi. Nikanyamaza. Akaita tena, nikaendelea kunyamaza na tonge mkononi, mpaka akafungua mlango akaleta uso wake, ndipo nikamwitika. Alipoondoka nikamkuta Papa Byamungu ameacha kutafuna. Akaniuliza, taratibu sana, "Na weye?"

"Na mimi," nikamwambia.

Bibi yangu alitulea hivyo. Ukiitwa jina na sauti ambayo uso wake huuoni, hasa kiza kikiwa kimeingia, usiitike, kwa sababu kinachokuita kinakuchukua kwa lile jibu lako. Kwao milimani ni hivyohivyo. Tuliangaliana pale kama watu waliogundua wanatoka tumbo moja, halafu tukapatana, tena kwa dhati: huko nje, sisi wawili, hakuna kuitana majina. Mwenye shida agonge chuma kwa spana. Papa Byamungu alisema kile kintu chenye kuita hakina mikono ya kushika spana, na tulicheka mpaka makayabu yakaungua. Wajukuu zangu wa hapa nikiwaambia mambo haya wananicheka kwa Kiswidi, na mimi nawaacha wacheke. Lakini mpaka leo mtu akiniita kutoka kwenye ngazi za jengo, nitafungua mlango kwanza.

Theluji ikaanguka kabla ya Krismasi na haikukoma. Asiyeijua anadhani tabu yake ni baridi. Tabu yake ni kimya. Unazima mashine, na mji mzima haupo, husikii gari wala mbwa, unasikia damu yako masikioni. Kulikuwa na kipande kimoja cha njia, kati ya misonobari na ziwa, nyuma ya nyumba ya wazee, ambacho Papa Byamungu alianza kuniachia mimi. Hakusema kwa nini. Siku ambazo ilimlazimu kwenda yeye, nilipita baadaye na sepeto nikaona alama za magurudumu: zimeingia mpaka katikati, zimesimama, halafu zimetoka kinyumenyume njia nzima mpaka barabarani. Mahali pa kugeuzia palikuwepo, tena pana. Mtu huyu alirudi kinyumenyume umbali wote ule ili asiipe ile miti mgongo. Nilisimama pale na sepeto langu nikajikuta na mimi narudi kinyumenyume.

Siku yenyewe ilikuwa Januari. Huku Januari saa tisa alasiri jua limeshaaga, na theluji ilikuwa inaanguka tangu asubuhi, ile ya vipande vikubwavikubwa, isiyo na upepo. Papa Byamungu alikuwa juu, anamwaga mchanga kwenye ngazi za nyumba ya wazee. Mimi niko chini na Mbuzi, kwenye kile kipande cha ziwani. Bamba likanasa kisiki ambacho hata vijiti vyetu havikukijua. Bolti ingekuwa laini, ingekatika, ningetukana kidogo na kuweka nyingine. Haikukatika. Mashine ikanyanyuka nyuma, ikapinda, ikabingirika kuelekea mteremko wa ziwa, na mimi nikaenda nayo. Ilipotulia nilikuwa chali, mguu wa kushoto uko chini yake mpaka pajani. Theluji laini iliyokuwa chini yangu ndiyo iliyouokoa mfupa wa paja. Injini ilikuwa imezimika. Simu iko mfuko wa upande uliolaliwa. Spana ziko kwenye boksi chini ya kiti, upande wa pili, na bamba liko mbele kabisa, mkono haufiki. Barafu ya ziwa ikatoa ile sauti yake, mlio mrefu wa chini, kama mtu anavuta meza kwenye chumba cha jirani.

Nikaona taa ya Papa Byamungu. Alikuwa na taa ya kichwani, na ilikuwa inashuka kati ya misonobari, inakuja upande wangu, pengine kwa sababu hakuisikia tena mashine. Raha niliyoipata siwezi kuieleza. Nikaita, "Papa Byamungu." Taa ikasimama. Nikaita tena kwa nguvu zote, "Papa Byamungu, Papa Byamungu." Taa ikazimwa.

Nilielewa papo hapo, na kule kuelewa kulinitisha kuliko mguu. Tulikuwa tumepatana. Mimi Mwanaidi, mzima, nisingemwita jina kutoka gizani hata kwa dawa, na yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote Stockholm nzima. Basi aliyekuwa anamwita hakuwa mimi. Kila nilivyozidi kuita ndivyo nilivyozidi kuwa siyo mimi. Nikanyamaza nikamsikiliza, hakuwa mbali, utadhani tuko chumba kimoja. Nilimsikia anapumua. Nilimsikia anasali chini chini. Halafu nikasikia theluji inakatika chini ya buti zake, hatua moja, kisha nyingine, na nikajua kwa ule mlio kwamba anatembea kinyumenyume. Theluji ilikuwa inaniangukia usoni na nilishaacha kuipangusa. Nikajiona kabisa nimefunikwa, na Göran kesho anasukuma theluji juu yangu.

Kilichoniokoa ni hasira. Zilinipanda kutoka tumboni, na hasira zangu waulize walionioa. Sikumwita tena. Nilisema kwa sauti yangu ileile ya wakati wa chai, "Nilikuambia hiyo bolti uitoe. Mwezi mzima nakuambia. Haya, haikuvunjika, umefurahi sasa?"

Kutoka gizani, sauti ndogo, ya mtu anayeogopa sana: "Bolti gani?"

"Ya kushoto. Uliyoipiga nyundo ukasema nina kelele."

Taa ikawaka. Alikuja mbio, anaanguka na kuinuka, sepeto limemning'inia begani na wala halikumbuki, akanichimbua kwa mikono yake miwili mpaka glavu zikamtoka. Aliponivuta nje akanikalisha na kunishika uso, kila upande, kama mtu anayenunua kitu asichokiamini. Alikuwa analia. Nilidhani ananililia mimi, nikambembeleza, nikamwambia Papa, basi, mbona mimi mzima. Niliposema vile akazidi kulia.

Kifundo kilipasuka, nikafungwa plasta. Mama Neema, mkewe, akakataa katakata nikae peke yangu kwenye kile chumba changu cha kupanga, wakanihamishia kwao Hjulsta. Nilikaa jikoni kwao wiki nyingi, mguu juu ya kiti cha pili, dirisha linaangalia barabara kubwa. Nilikula bugali na sombe na sambaza, dagaa wa kwao, waliotumiwa na ndugu, nikamsaidia Neema hesabu zake, mimi nauliza kwa Kiswahili, yeye ananijibu kwa Kiswidi kupitia mapengo. Nikamsikia Mama Neema akimnong'oneza jirani koridoni kwamba mume wake kila baridi analala redio imewashwa, anasema kimya cha dirishani kinamsumbua, lakini sasa hata redio haisaidii, anakaa kitandani macho wazi mpaka asubuhi. Mimi nilijifanya sijasikia. Mpaka jioni moja tuko mezani, chakula kimepoa mbele yake, akaanza kusema bila kuulizwa, akiuangalia mguu wangu.

"Wakati tulikimbiaka vita," akasema, "ilikuwa bado giza, tuko ndani ya migomba. Walituambia hakuna kuitika, hata uitwe na nani. Nyuma yangu mtu akaniita. Sauti ya Bahati, mdogo wangu. Akaniita, akaniita tena. Mimi nikajisemea, hiyo haiko Bahati, hiyo ni kile kintu. Nikaendelea kutembea."

Bahati hakuonekana tena. Aliniambia kwamba theluji ilipoanguka mara yake ya kwanza huku, kile kimya kilikuwa kilekile cha migombani, na sauti ikawa imo ndani yake, kule kwenye misonobari ya ziwani. Hata huko hakuiitika. Nikamwambia Papa, huenda kweli kilikuwa kile kitu, watu wengi yamewakuta. Nilitaka sana iwe hivyo.

"Miaka yote nilijisemeaka hivyo, na nililala," akasema. "Sasa weye uliniita vilevile, Mwanaidi. Jina tu, jina tu. Na ulikuwa muzima."

Neema akauliza kwa Kiswidi mbona pappa hali, na mama yake akamwambia ale yeye. Mimi nilikaa na ule mguu wangu uliosalimika nikauchukia. Sikuwa nimemfanyia ubaya wowote, najua hivyo leo na nilijua hivyo siku ile, na bado ni mimi niliyemletea msiba wake upya. Mtu alikuwa na kitu kimoja cha kumlaza usingizi, na mimi nikakitoa kwa kuwa hai. Nimewahi kumweleza mchungaji mmoja jambo hili, akaniambia nisijibebeshe. Alisema vizuri, lakini hakuwepo jikoni.

Nilirudi kazini Machi, nachechemea. Nilikuta bolti laini imeshawekwa, kaiweka mwenyewe, na nyingine za akiba ziko kwenye kopo. Siku ya theluji kubwa ya mwisho alikataa niende ziwani. Akasema kile kipande ni chake. Nilimfuata kwa mbali na sepeto, kwa sababu nilimwogopea, naomba nieleweke, nilidhani mtu huyu anakwenda kujimaliza. Alikwenda mpaka katikati, pale pale alama zake zilipokuwa zikisimama, akazima Mbuzi. Kimya kikaja. Alishuka, akavua kofia, akaipa miti uso wake. Na akaitika. Hakupaza sauti, aliitika kama mtu aliyegongewa mlango na ndugu yake.

"Niko hapa," akasema. "Nilikusikia."

Mimi sikusikia kitu. Ningesikia ningesema, sina sababu ya kuficha kwa umri huu. Nilimwona tu ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, muda mrefu, theluji inamjaa kwenye nywele. Akasema ndiyo. Akasikiliza tena, akasema ndiyo, ndiyo. Kuna mahali alicheka kidogo, kicheko cha kaka anayesemwa na mdogo wake na anajua amekosa. Nywele zilinisimama kwa ile baridi na kwa yale mengine, lakini sikuondoka, na sikumgongea chuma. Halafu akauliza, kwa sauti ambayo Neema angeijua, ya baba anayeuliza mtoto aliyetoka bila koti:

"Na weye, hausikie baridi?"

Akavua koti lake la kazi, lile la machungwa lenye mistari ya kung'aa, akalitundika kwenye tawi la msonobari, akalifunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akarudi kwenye mashine na sweta tu. Aliigeuza palepale, akaipa ile miti mgongo, akaja akanipita, na uso wake ulikuwa umelowa na umetulia. Koti lilibaki kule mpaka Aprili, theluji yote imeyeyuka. Göran akaliona, akaniuliza ni la nani, alishushe. Nikamwambia aliache, lina mwenyewe.